Walimwita Mvivu kwa Sababu ya Nyuzi Zake Nyepesi

Habari za kifo chake zilinikuta kwa kinyozi, hapa Musoma, nusu ya kichwa changu imenyolewa na nusu bado. Aliyezileta ni mama mmoja wa Mugango anayeuza dagaa, ambaye alikuwa mwanafunzi wake wa gitaa katika kwaya. Alisimama mlangoni na ndoo yake kichwani, akasema, "Mzee wetu wa gitaa amefariki. Tunazika kesho saa nane mchana, kwao Bugwema. Nimepita kwako nikaambiwa uko huku." Kinyozi akazima mashine, akauliza, "Mzee gani tena huyo wa gitaa?" Sikumjibu, maana ningemjibu vibaya. Mama yake mzazi kinyozi yule, ambaye namfahamu sana, aliwahi kuvunja kisigino cha kiatu katika ukumbi mmoja wa Bunda akicheza solo la mzee huyo, akavua na kile kingine akaendelea peku. Na leo mwanawe anauliza, mzee gani. Nikaona hasira niliyotoka nayo pale haikuwa ya kumalizia kwa kinyozi, kwa hiyo nimekuja nayo hapa, kwenu wasomaji wangu, na naomba mnivumilie kwa sababu leo sitaandika kwa upole.

Mazishini Bugwema ndiko hasira yenyewe ilikokamilika. Baada ya ibada alisimama ofisa mmoja mstaafu wa mambo ya utamaduni, mtu mwenye sauti nzuri na suti nzuri, akapewa kipaza sauti kumwelezea marehemu. Akasema marehemu alikuwa mtu wa watu, mcheshi, aliyeridhika na kidogo. Halafu akatabasamu, akasema, "Ila ndugu zangu, tuseme ukweli, mzee wetu alipenda raha. Hata gitaa lake alilifunga nyuzi laini laini, zile nyembamba, ili asichoke." Watu wakacheka. Nami nilimwona mjane wake, mtu mzima aliyeketi juu ya mkeka na kanga yake mabegani, akiinamisha kichwa. Wanakwaya watano wa Nyegina, waliokuja na magitaa yao kumpigia mwalimu wao wimbo mmoja, mmoja tu, waliambiwa ratiba imebana. Muda wa kumcheka marehemu ulipatikana. Muda wa kumpigia haukupatikana. Basi nitaeleza mimi kwa nini mtu yule alifunga nyuzi nyepesi, na mkishajua, kila mmoja achague wa kumcheka.

Nilimfahamu katika miaka ile ya shida, ile ambayo watoto wetu tukiwasimulia wanadhani tunatia chumvi. Yeye alikuwa mpiga solo wa bendi ya shirika moja la umma pale Bunda, shirika ambalo halipo tena. Mimi nilikuwa mwandishi mchanga wa gazeti, nimepangiwa kuleta habari za mkoa wa Mara. Kila Jumapili alasiri bendi ile ilipiga dansi la mchana, na mimi nilikuwa napanda lori lolote lililokuwa na mafuta kutoka Musoma ili niwahi. Wakati ule sabuni ilikuwa ya foleni, sukari ya kibali, na nguo tulizigeuza kola upande wa pili. Sasa jiulizeni, katika nchi isiyokuwa na sabuni, nyuzi za gitaa zingetoka wapi? Kiongozi wa bendi aliandika barua ya kuomba seti nne tu. Ikapanda ngazi zote, ikarudi na mstari mmoja umepigwa chini kwa kalamu nyekundu: vifaa vya anasa. Bendi ilikuwa ya shirika, ilipigia wafanyakazi wa shirika, ilipelekwa kwenye kila mkutano wa shirika kuvuta watu, lakini waya wa kuivusha Jumapili moja ukawa anasa.

Asiye na mwana aeleke jiwe, na mpiga solo wetu alieleka waya wa breki ya baiskeli. Kwa wasiojua gitaa nitaeleza kwa kifupi. Gitaa la umeme lina nyuzi sita. Tatu za juu kwa unene zimevingirishwa waya mwingine, na hizo zikichoka waliziweka kwenye sufuria wakazichemsha kama viazi, zikatoka uchafu, zikalia tena siku mbili tatu. Lakini zile tatu nyembamba ni chuma kitupu, na zikikatika zimekatika. Ndipo walipochukua waya wa breki, ambao ni nyuzinyuzi nyingi zilizosokotwa pamoja, wakazifumua, wakazinyoosha moja moja kwa koleo, wakazifunga. Uzi mmoja wa breki ni mnene karibu mara mbili ya uzi wa kwanza wa gitaa, na mgumu kuliko ugumu wenyewe. Ili utoe sauti inayotakiwa lazima uukaze mpaka shingo ya gitaa ipinde kama upinde wa kuwindia. Na kuukandamiza kwa kidole ni sawa na kukandamiza ukingo wa kisu. Watu wa Bunda walimpa breki zao wenyewe. Muuguzi mmoja wa zahanati alivua waya wa baiskeli yake, akawa anasimamisha baiskeli kwa soli ya kiatu mwaka mzima, na alipoulizwa alisema, "Afadhali mimi nikose breki kuliko Jumapili ikose solo."

Jumapili moja, wakati anakaza uzi dakika chache kabla ya dansi kuanza, uzi ulifyatuka. Ncha yake, yenye kutu, iliingia chini ya ukucha wa kidole cha pete cha mkono wa kushoto, ikatokea pembeni. Nilikuwa nimesimama karibu na jukwaa. Aliuchomoa mwenyewe kwa koleo, akafunga kidole kwa kitambaa alichochana kwenye mfuko wa shati, akafunga uzi mwingine, na akapiga saa tatu nzima. Kila mkono wake ulipoteremka kwenye shingo ya gitaa niliona kitambaa kikizidi kuwa chekundu. Nilimwambia baadaye, "Kaka, si ungepumzika?" Akaniambia, "Nipumzike watu wameshafika? Wengine wametoka Kibara kwa miguu." Baada ya siku mbili kidole kilikuwa kama mhogo. Zahanati haikuwa na dawa, na halikuwa kosa la zahanati. Walimpa walichokuwa nacho, ambacho ni ushauri wa maji ya moto na chumvi. Alipofikishwa Musoma usaha ulikuwa umeshaingia kwenye kiungo. Daktari alipasua, akauokoa mkono, lakini kidole kile hakikukunjika sawasawa tena maisha yake yote. Daktari akamwambia mbele ya mkewe, "Kama unataka kuendelea na gitaa, usirudi kwenye nyaya hizo. Tafuta nyuzi nyembamba kabisa, ama sivyo utapoteza na hivi vingine."

Huo ndio uvivu wake. Huko ndiko kupenda raha kwake. Mtu alipewa cheti cha daktari cha kupiga nyuzi nyepesi, na cheti hicho kilikuwa kidole chake mwenyewe, alichotembea nacho mbele ya macho yetu kwa zaidi ya miaka thelathini, na karibu hakuna aliyejisumbua kukitazama.

Nyuzi nyepesi zenyewe zilipatikana ng'ambo ya mpaka, Kenya. Dereva mmoja wa lori, shabiki wa bendi, alimletea pakiti mbili za namba tisa kupitia Sirari. Namba hiyo ndiyo unene wa uzi wa kwanza. Tisa ni nyembamba, kumi ni ya wastani, kumi na moja na kuendelea ni nene. Mkewe alinisimulia kwamba siku alipozipata aliziweka juu ya meza, akazitazama bila kuzifungua mpaka chai ikapoa. Alizifungua pakiti moja. Ya pili akaiweka akiba ndani ya mto wa kulalia. Na hapo ndipo nchi yetu ilipoingia katika msako. Mnaukumbuka. Kila mwenye kopo la mafuta ya kupikia alikuwa mlanguzi, kila mwenye kanga mbili mpya alikuwa mhujumu, na watu walitupa sabuni ziwani ili wasikutwe nazo, ziwa likatoka povu na sisi tukanuka. Jirani alisema neno, wasakaji wakaja, wakakuta pakiti moja ndani ya mto na nyingine nyuzi zake zimefungwa kwenye gitaa la shirika. Wakazikata zile za kwenye gitaa kwa mkasi. Akapelekwa mahabusu.

Sasa nifike mahali ambapo hasira yangu inanigeukia mwenyewe, na siwezi kupita pembeni. Katibu wa kamati ya msako alikuwa akitupatia waandishi orodha ya waliokamatwa. Nilipewa karatasi yangu, ina majina na vitu walivyokutwa navyo. Mbele ya jina moja liliandikwa, waya za magendo. Nikamuuliza katibu, "Waya za nini?" Akanijibu, "Tunahisi za mitambo ya mawasiliano. Zimetoka nje ya nchi." Sikuuliza zaidi. Sikwenda kuzitazama, ingawa zilikuwa chumba cha pili kutoka pale nilipokaa. Niliandika kwamba mlanguzi wa waya za mitambo ya mawasiliano amenaswa Bunda, nikamtaja kwa majina yake yote matatu kama yalivyokuwa kwenye orodha. Habari ikatoka, na jina langu chini yake, nami nikajiona mwandishi. Sikumtambua kwa sababu sisi wote tulimjua kwa jina la jukwaani. Majina ya ubatizo na ya ukoo hatukuwa nayo. Jumapili iliyofuata nilikwenda Bunda kucheza dansi, nikakuta bendi inapiga bila solo. Nikamuuliza mwimbaji, "Mwenzenu anaumwa?" Mwimbaji akanikazia macho, akasema, "Si mmemuandika nyinyi gazetini kuwa ni jasusi?"

Nilirudi Musoma siku hiyohiyo, nikakaa mbele ya simu ya ofisi, nikainyanyua niombe laini ya chumba cha habari niseme nimekosea, ni nyuzi za gitaa, ni mpiga solo mwenye kidole kibovu. Nikairudisha. Nilijiambia mhariri atanikaripia. Nilijiambia kamati itaniuliza ninamtetea mlanguzi kwa faida gani. Nilijiambia habari ikishatoka imetoka. Visingizio havikosekani kwa mtu mwoga, havina foleni wala havitaki kibali. Yeye alikaa ndani wiki tano. Wakamtoa bila mashtaka, kwa sababu hakuna aliyepata sheria inayokataza uzi wa gitaa. Siku ya kusaini kutoka, aliniambia mwenyewe baadaye, alitazama dirisha la chumba cha kamati akaona pazia jipya, na pazia lile limening'inizwa kwa uzi wake wa kwanza, ule mwembamba, umevutwa kutoka msumari hadi msumari. Akamwambia mkuu wa pale, "Mkuu, naona pazia lenu mmelining'iniza kwenye uzi wangu." Mkuu akamuuliza, "Unataka kurudi ndani?" Akasaini, akatoka. Alipokuwa akinisimulia hilo alicheka mpaka akakohoa. Mimi sikucheka, na akaona sikucheka.

Kisha zikaja nyakati za ruksa, na maduka yakajaa kama mtu aliyefungua bomba lililoziba. Mfanyabiashara mmoja wa Musoma, Mwislamu mzee mwenye duka la redio na vipuri, alileta nyuzi za gitaa, akazipanga kwenye kioo namba kwa namba. Mpiga solo wetu aliniomba nimsindikize. Nakumbuka alivaa shati la kwendea kanisani ili kwenda kununua nyuzi. Pale dukani palikuwa na mpiga gitaa mwingine kijana, wa bendi mpya ya mjini, amechukua kumi na mbili. Mwenye duka akasema, "Mzee wangu, karibu. Nikupe kumi na moja? Hizi zina sauti nzito, zinadumu." Marehemu akasema, "Nipe tisa, Alhaji." Yule kijana akaguna, "Tisa, mzee? Hizo zinapigwaga na wasichana. Uzi mwepesi hauna sauti, unakatika hovyo."

Marehemu hakukasirika. Alifungua pakiti, akauvuta uzi wa kwanza, akaupitisha taratibu kati ya kidole gumba na cha shahada, kwanza mwanzo hadi mwisho, kisha mwisho hadi mwanzo, akisikiliza kama kuna mkwaruzo. "Ni kweli unakatika," akasema. "Kwa hiyo haupigi kwa ubavu. Ukiupiga kama unapasua kuni unakatika, unajua umekosea. Mnene unavumilia makosa yako yote. Halafu huu unauvuta," akaonyesha hewani, kidole kikisukuma juu, "sauti inapanda kidogo kidogo kama mama anayelia msibani. Huo wako ukivuta hivyo unatoka damu. Mimi nimeshatoka ya kutosha." Akaweka mkono wa kushoto juu ya kioo cha duka, kile kidole kimebaki kimenyooka peke yake. Kijana alikitazama. Alhaji naye alitazama, akaizunguka meza, akaja kumshika mkono ule kwa mikono yake miwili. Katika miaka yote ile niliyoona watu wakimtazama mpiga solo, hao wawili peke yao niliwaona wakikitazama kidole.

Kuzifunga haikuwa kazi rahisi. Tangu zile za kwanza zikatwe kwa mkasi gitaa lilikuwa limerudia waya wa breki, shingo ikazoea mvuto wake, na fundi mmoja aliwahi kukaza chuma cha ndani ya shingo ili kuizuia isipinde. Zilipofungwa nyuzi nyepesi zikagusa vipingo, vile vyuma vidogo vinavyokatisha shingo, na kulia zii zii kama nzi ndani ya chupa. Alichukua spana ndogo, akalegeza chuma kile robo mzunguko, akaacha mpaka kesho, akalegeza tena. Siku nne. Jumamosi ya wiki ile bendi ilialikwa harusini Butiama, mchana, katika uwanja wa shule, mwalimu mmoja anamwoza binti yake. Nilikuwepo. Alipoufikia wakati wake wa solo aliuvuta uzi wa pili juu, taratibu, akaushikilia pale, halafu akauachia urudi, na ikatoka sauti ile ya bibi zetu wanapomwita mtu aliye mbali ng'ambo ya bonde, ambayo sijapata kuisikia kwenye gitaa kabla wala baada. Wanawake watu wazima waliokuwa jikoni wakatoka na miiko mikononi. Bibi mmoja akaja mpaka mbele yake akasimama, hachezi, anamsikiliza tu, kisha akamwambia kwa nguvu ili ashinde vyombo, "Wewe, nani kakufundisha kulia namna hii?" Na vidole vitatu na nusu ndivyo vilivyokuwa vikifanya kazi ile. Waliomwita mvivu hawakuwepo Butiama siku ile, au walikuwepo wakawa wanangoja pilau.

Nusu ya pili ya hasira yangu ni kwa huo huo wakati wa ruksa, msije mkadhani namlaumu mmoja tu. Wakati wa shida walituambia gitaa ni anasa. Wakati wa soko walituambia gitaa halizalishi. Shirika likatangazwa mufilisi, na bendi, ambayo haikula hela ya mtu, ikafungwa siku moja na karakana. Gitaa lilikuwa mali ya shirika, hivyo likatakiwa lirudishwe. Alilirudisha mwenyewe, limefutwa vumbi, liko ndani ya gunia safi. Alimwomba ofisa wa ufilisi ruhusa moja tu, azifungue nyuzi zake kwa sababu alizinunua mwenyewe. Ofisa akamwambia, "Mzee, kilichofungwa kwenye mali ya shirika ni mali ya shirika." Akajibu, "Sawa, bwana mkubwa." Gitaa lile halikuuzwa hadharani wala halikwenda kwa mpiga gitaa yeyote. Miaka miwili baadaye nililiona kwa macho yangu ukutani, sebuleni kwa mtu mmoja hapa Musoma, limening'inizwa kama pembe za swala, na zile nyuzi zimeota kutu zikiwa bado juu yake. Niliulizwa kama napenda pambo lile. Nilikunywa soda yangu nikaaga.

Yeye akaenda kukata minofu ya sangara kiwandani, kama wenzake wengi waliopunguzwa kazi. Mikono kutwa nzima kwenye barafu, kisu mkono wa kulia, samaki mkono wa kushoto. Mtu aliyekuwa akihitaji vidole vyenye joto na hisia aliajiriwa mahali ambapo vidole hufa ganzi saa tatu asubuhi. Alistahimili miaka sita. Kilichomwokoa ni kwaya ya Nyegina, ambao walikuwa na magitaa mawili ya umeme yaliyoletwa kama zawadi na hakuna aliyejua kuyapiga. Walimwita, akaacha kiwanda, akawa anafundisha, huku analima mihogo kwao Bugwema. Jambo la kwanza alilofanya ni kutoa nyuzi nene zilizokuwa juu ya magitaa yale na kufunga tisa. "Mtu asikimbie gitaa kwa sababu ya maumivu," aliwaambia. "Maumivu siyo somo." Ndiyo maana yule mama muuza dagaa, aliyeanza akiwa na miaka arobaini na mitano na mikono iliyochubuliwa na nyavu, leo anapiga solo kuliko wanaume wengi ninaowajua. Mwalimu mwingine angemwambia avumilie mpaka vidole viote sugu. Huyu alishajua kuvumilia kunavyogharimu.

Miaka hiyo yote nilikuwa nakwenda kwake. Nilikula mihogo yake, nilisikiliza habari zake, nilimsindikiza dukani, nilikaa Nyegina nikiwatazama wakifanya mazoezi. Sikumwambia kwamba habari ile ya gazeti niliiandika mimi. Nilikuwa nikipanga. Nilisema nitamwambia Krismasi. Nilisema nitamwambia akipata nafuu ya kifua. Siku ya tatu baada ya mazishi, nikiwa bado nina hasira na ofisa mwenye suti, nilikwenda Bugwema kumwambia mjane, nikidhani naenda kumpa siri. Nilimkuta anaanua muhogo mkavu. Nilisema yote nikiwa nimesimama, maana sikustahili kiti.

Hakuacha kuanua. "Shemeji," akasema, "yeye alikuwaga anajua."

"Tangu lini?"

"Tangu ndani. Mlinzi alimsomea gazeti. Jina lako si lilikuwa pale chini?"

"Na hakusema hata siku moja?"

"Kila ukija alikuwa ananiambia, mama fulani, weka chai halafu utuachie nafasi, leo atasema. Ukiondoka namuuliza, amesema? Ananiambia, bado." Akauinua ungo, akaupepeta mara mbili. "Wiki ile ya mwisho ulipokuja hospitali, nilimuuliza tena. Akaniambia, bado, lakini leo alikaribia."

Ninaandika haya leo katika gazeti, kwa kuwa nilimkosea gazetini: mtu yule hakuwa mlanguzi, wala jasusi, wala mvivu. Zilikuwa nyuzi za gitaa, namba tisa, za mkono uliojeruhiwa kwa ajili yetu, nami niliandika vinginevyo bila kwenda kuzitazama. Ofisa aliyemcheka alirudia uongo wa watu. Uongo wangu niliutunga mwenyewe, nikauchapisha, nikaenda kula mihogo juu yake. Mficha uchi hazai, walisema waliotutangulia, na mimi nimezeeka nikiuficha. Kama kuna mtu uliyemkosea na bado yu hai, usitafute siku nzuri wala maneno mazuri. Vaa viatu uende, useme ungali mlangoni, kabla hujakaribishwa chai. Huenda anajua tayari, na anachongoja kwako ni kusikia tu kama wewe nawe unajua.